Msaidizi wa Kliniki kwa Njia ya Mtandao Anahitaji Mlezi wa Namna Gani

Vijana wengi wanaotaka kuzihudumia kliniki za Marekani kwa njia ya mtandao huniuliza ni kozi ipi iliyo bora, na hushangaa ninapowajibu kwamba kozi si jambo la kwanza. Kozi nzuri zipo, nazo zitakufundisha msamiati wa bima, upangaji wa miadi na matumizi ya mfumo wa rekodi za wagonjwa. Kinachokosekana humo ni mtu aliyeifanya kazi hii kabla yako, anayekusikiliza ukiifanya, na aliye tayari kukuonyesha mahali mamlaka yako yanapokoma. Huyo ndiye ninayemwita mlezi, nami nimekaa pande zote mbili za uhusiano huo hapa Nairobi, kwanza nikilelewa, baadaye nikilea.

Msaidizi anayeketi Nairobi, Mombasa au Eldoret hupokea simu za wagonjwa wa kliniki ndogo ya daktari wa familia, ya meno au ya tiba ya viungo huko Texas au Ohio. Hupanga miadi, huhakiki bima kabla mgonjwa hajafika, huomba idhini ya awali kutoka kwa kampuni ya bima pale matibabu yanapoihitaji, na hufuatilia madai, yaani maombi ya malipo ambayo kliniki hupeleka kwa kampuni ya bima, ambayo hayajalipwa. Yeye si daktari wala muuguzi, lakini mara nyingi ndiye sauti ya kwanza ambayo mgonjwa huisikia anapohitaji msaada, na mgonjwa hana njia ya kujua kama sauti hiyo iko chumba cha pili au ng'ambo ya bahari.

Chukua mfano wa mgonjwa anayepiga simu kuahirisha miadi ya Alhamisi, kisha katikati ya maelezo akasema kwamba kifua kimekuwa kikimbana tangu asubuhi. Msaidizi mpya, hasa aliyesisitiziwa kwamba simu zisichukue muda mrefu, hulishika neno Alhamisi na kuanza kutafuta nafasi nyingine kwenye kalenda. Aliyelelewa vizuri hulishika neno kifua. Huiacha kalenda na kufuata utaratibu wa dharura ulioandikwa na kliniki, ambao kwa kawaida ni kumwelekeza mgonjwa apige 911, namba ya dharura ya Marekani, mara moja na kumjulisha muuguzi papo hapo, kisha huandika saa na maneno ya mgonjwa kama alivyoyatamka, bila kuyapamba na bila kuyafasiri. Masikio ya namna hiyo hayapatikani kwa kusoma. Hupatikana kwa kusikiliza simu nyingi pamoja na mtu anayekuuliza, baada ya kila simu, ni neno gani lililopaswa kukusimamisha.

Ugumu mwingine hutoka kwenye wema wetu wenyewe. Mama anauliza kama anaweza kumwongezea mtoto dawa ya homa kwa kuwa ile ya kwanza haijashusha joto. Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambako mtu mzima yeyote hujibu swali kama hilo bila kusita, na moyo husukuma ulimi. Swali hilo ni la muuguzi, hata kama jibu unalijua, hata kama wewe mwenyewe ulisomea uuguzi, kwa sababu kwenye simu hiyo huna leseni ya jimbo lile wala huna rekodi kamili ya mtoto yule. Mlezi mzuri humzoesha mwanafunzi kusema kwa upole na bila kujikanyaga kwamba ataufikisha ujumbe kwa muuguzi, na kutaja muda wa kupigiwa ikiwa tu kliniki imeuweka muda huo.

Jambo ambalo naona huwachukua wanafunzi wangu muda mrefu zaidi ni usiri mbele ya jamaa. Kwetu mtu akilazwa, ndugu hujaa wodini, shangazi humuuliza daktari amesemaje, naye mara nyingi huambiwa, maana ugonjwa ni wa ukoo mzima. Katika kliniki unayoihudumia, mume anayepiga kuuliza majibu ya vipimo vya mkewe hatajiwi chochote na msaidizi mpaka rekodi ionyeshe kwamba mke ameridhia, kwa kufuata utaratibu wa kliniki hiyo. Kulijua jambo hili ni rahisi. Kulishika wakati mume anapandisha sauti, au binti analia akiulizia hali ya mama yake, ni vigumu sana. Kwa hiyo huwa naigiza simu hizo na mwanafunzi tena na tena. Mimi huwa mume mpole, kisha mume mwenye hasira, kisha mtu anayejifanya mume, hadi jibu lake libaki lile lile na sauti yake ibaki ya heshima.

Msingi wa haya ni sheria ya Marekani iitwayo HIPAA, ya mwaka 1996, pamoja na kanuni zilizoifuata, ambazo huitaka kliniki kulinda taarifa za mgonjwa na kutia saini mkataba maalumu na mtu au kampuni ya nje inayozishughulikia kwa niaba yake. Moja ya kanuni hizo ni kwamba mtu atazame kiasi kile tu cha taarifa anachokihitaji kwa kazi iliyo mbele yake. Anayehakiki bima hana sababu ya kufungua maelezo ya daktari kuhusu ziara ya mwaka juzi. Nasi huku Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayoitambua hali ya afya kuwa data nyeti, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ukiwa mbali hakuna sheria inayokufikia. Fahamu pia kwamba baadhi ya majimbo huzuia taarifa za wagonjwa wa Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, kushughulikiwa nje ya Marekani. Kabla ya kugusa chochote, muulize msimamizi wa kliniki kwa maandishi ni wagonjwa wa bima zipi unaoruhusiwa kuwahudumia.

Hapa ulezi wenyewe unaweza kugeuka hatari, na ninalisema hili kwa uzito. Yapo makundi ya WhatsApp ambamo msaidizi aliyekwama hupiga picha ya skrini na kuirusha kwa mlezi wake akiuliza afanyeje. Picha hiyo ikiwa na taarifa za mgonjwa, amevunja siri ya mtu asiyemjua hata kwa sura. Kufuta jina hakutoshi, kwa sababu HIPAA inataja aina 18 za vitambulisho, zikiwamo tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya miadi, namba ya simu, namba ya uanachama wa bima na picha ya uso. Mlezi aliye ndani ya kliniki au kampuni ile ile, mwenye ruhusa, anaweza kusikiliza simu zako zilizorekodiwa na kuikagua kazi yako. Mlezi wa nje hawezi, naye akufundishe kwa visa vya kubuni. Mlezi wa nje akikuomba umtumie skrini halisi ili aone tatizo, mshukuru na uachane naye siku hiyo hiyo.

Upande wa bima ndiko mlezi anakookoa muda mwingi zaidi. Mwanafunzi huambiwa ahakiki bima, akapiga simu, akaambiwa ipo hai, akaandika kwamba ipo hai na kuona kazi imekwisha. Mlezi humuuliza: ipo hai tarehe ya miadi au leo tu? Mgonjwa anatakiwa alipe kiasi gani mwenyewe kwa mwaka kabla bima haijaanza kuchangia, na ameshalipa kiasi gani? Mchango wake kwa kila ziara ni dola ngapi? Je, rufaa ya daktari wa familia inahitajika, na kama ni tiba ya viungo, zimebaki ziara ngapi? Ulizungumza na nani, na namba ya kumbukumbu ya simu hiyo ni ipi? Pasipo namba hiyo, kliniki itakuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha ilichoambiwa.

Nampenda mlezi anayemchukua mwanafunzi na dai moja lililokataliwa, wakalifuata kutoka mwisho hadi mwanzo. Jibu la kampuni ya bima likija na alama CO-197, maana yake idhini ya awali haikuwapo, na mwanafunzi arudi nyuma hadi siku ile miadi ilipopangwa aone ni nani aliyepaswa kuiomba. Likija na CO-29, muda wa kuwasilisha umepita; Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, kwa mfano, hutoa mwaka mmoja kamili tangu tarehe ya huduma, ilhali kampuni binafsi zinaweza kutoa muda mfupi zaidi. Akishaona kwamba fedha zilipotea kwa sababu ya kisanduku kimoja kilichoachwa wazi wiki nyingi nyuma, hahitaji tena kuhimizwa kuwa makini.

Yapo pia madogo ya kwetu ambayo kozi za Wamarekani haziyataji kwa sababu kwao si tatizo. Tarehe 04/07/1962 kwao ni Aprili 7, na kwetu ni Julai 4; ukiikosea tarehe ya kuzaliwa, kampuni ya bima inaweza kujibu kwamba haimtambui mgonjwa. Saa nazo hubadilika. Kliniki ya New York inayofungua saa mbili asubuhi kwa saa za kwao huwa saa tisa alasiri ya Nairobi wakati wa majira yao ya joto na saa kumi wakati wa baridi, maana Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, nasi hatusogezi. Kliniki ya California inayofunga saa kumi na moja jioni kwa saa za kwao itakufikisha kazini hadi saa tisa usiku au saa kumi alfajiri ya Nairobi. Mlezi aliyeishi ratiba hiyo atakuambia ukweli kuhusu usingizi, kuhusu umeme kukatika, na kuhusu namna ya kuwaeleza wazee nyumbani kwamba mlango uliofungwa usiku haumaanishi unawakwepa. Chumba ambamo mpwa wako anaweza kusikia jina la mgonjwa hakifai kwa kazi hii.

Katika kumchagua mlezi, usivutwe na vyeti. Serikali ya Marekani haina cheti cha HIPAA inachokitoa au kukiidhinisha kwa mtu binafsi, kwa hiyo anayekuuzia cheti hicho kama tiketi ya ajira anakuuzia karatasi ya mafunzo yake mwenyewe, ambayo huenda ni mazuri, lakini si zaidi ya hapo. Mwombe akueleze, kwa maneno ya kawaida, jinsi dai moja linavyosafiri kutoka kliniki hadi kulipwa. Aliyeifanya kazi atakueleza bila kutafuta maneno makubwa. Muulize ni mara ngapi kwa wiki atapitia kazi yako au mazoezi yako, na mkubaliane malipo na muda wa mwisho kabla ya kuanza.

Ukishampata, jambo la kwanza mlifanyie kazi pamoja ni ujumbe mfupi kwa kliniki, utumwe kabla ya simu yako ya kwanza. Uliza muuguzi gani anapokea simu za dalili za hatari, ni nani anayeshika nafasi yake akiwa na mgonjwa au likizoni, na msaidizi afanye nini ikiwa hakuna anayepokea kati ya hao wawili. Kliniki isiyo na jibu la swali hilo la tatu haijawa tayari kukukabidhi simu zake, na mlezi wako ana wajibu wa kukusaidia kuwaambia hivyo kwa adabu.