Kanuni mpya isipoifuta ya zamani

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko Mbale, Uganda, natengeneza programu ya mahesabu ya duka kwa Prolog, lugha ya kompyuta inayotumia kanuni za mantiki. Niliandika kwamba kila bidhaa hutozwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18, kisha nikaongeza kwamba mahindi yasiyosindikwa yamesamehewa. Sasa nikiuliza kuhusu mahindi napewa majibu yote mawili. Mbona taarifa mpya haifuti jibu la zamani?

JIBU: Marahaba. Haifuti kwa sababu mantiki uliyoitumia hairudi nyuma: kilichokwisha kuthibitika hubaki, hata uongeze taarifa elfu. Ukisema "kila bidhaa", hujaacha nafasi ya "isipokuwa".

Unahitaji kanuni inayokubali kutenguliwa. Mwaka 1980 mtaalamu wa kompyuta Raymond Reiter aliipa umbo hili: ikiwa ni bidhaa, na hakuna kinachopinga kuitoza 18, basi itoze 18. Kwa Prolog, njia ya karibu ni hii (alama :- isome "ikiwa"):

kodi(X,18) :- bidhaa(X), \+ imesamehewa(X).

Ongeza imesamehewa(mahindi), na ile 18 itaondoka yenyewe.

Iangalie sana alama \+. Haisemi "haijasamehewa"; inasema "nimetafuta msamaha, sikuupata". Karani akisahau kuingiza maharage, mteja atalipa kodi asiyodaiwa na programu haitashtuka. Mimi ningetenganisha bidhaa iliyokaguliwa ikakosa msamaha na ile ambayo haijakaguliwa kabisa. Hii ya pili isitozwe, ipelekwe kwa mhasibu kwanza. Clingo, programu nyingine ya kanuni za mantiki, hukupa ukanusho wa aina zote mbili, ndiyo maana naipenda kwa kazi za sheria.

Utata mkubwa zaidi unakuja kwenye kahawa ghafi inayouzwa nje. Kanuni moja inasema mazao yasiyosindikwa yamesamehewa. Nyingine inasema kinachouzwa nje hutozwa asilimia 0. Tofauti yake ni pesa: wa asilimia 0 hudai kurudishiwa VAT aliyolipa kwenye manunuzi, aliyesamehewa hadai. Kila kanuni ikiwa na uwezo wa kuitengua mwenzake, kwa Reiter unapata makundi mawili ya mahitimisho, kila moja limekamilika kivyake. Clingo, ukiiomba majibu yote, itakuonyesha yote mawili. Prolog ya kawaida itazunguka bila kukoma.

Hapo mantiki haiwezi kukuchagulia. Soma Sheria ya VAT pamoja na majedwali yake, uandike waziwazi kanuni ipi inaishinda ipi. Usiuachie mpangilio wa mistari ya faili uamue: siku mwenzako akiihamisha mistari, kodi ya mteja itabadilika na hakuna atakayejua kwa nini.