Jibu: Programu ya mizani inagoma, ni ya biti 32 au 64?

Habari mkuu. Umesema faili la .exe la mizani ya korosho halifunguki kwenye kompyuta ya ghalani Masasi, na hujui ni la prosesa ipi: ya biti 32 (aina ya zamani) au ya biti 64 (aina mpya).

Nakili faili, fungua nakala kwa Notepad (programu ya maandishi ya Windows). Chini kidogo ya sentensi ya Kiingereza inayotaja DOS tafuta herufi PE. Zikifuatiwa na L, ni biti 32. Zikifuatiwa na d†, ni biti 64. Kagua programu yenyewe, siyo faili la kusakinishia, maana hilo mara nyingi ni la 32 hata kama lililomo ndani ni la 64. Hapo ndipo nilipopoteza siku mbili Newala, msimu umepamba moto!

Windows ya biti 32 haiendeshi programu ya 64 kabisa.