Tulipoacha kupimana Jumamosi

Mwenzetu mmoja wa kundi letu la kupunguza uzito alikuwa na utaratibu wake kabla ya kupanda mizani. Kwanza viatu. Kisha saa. Kisha hereni, moja baada ya nyingine, anamshikisha aliye karibu. Siku moja akavua hata pini za nywele. Tulicheka mpaka machozi, naye akacheka. Akapanda, akatazama chini, akashuka kimya. Hereni alikwenda kuzivalia mlangoni, katupa mgongo. Alikuwa ameongezeka gramu 600. Hatukumwona tena kwa wiki tano.

Tulidhani ana udhuru. Kumbe alikuwa nyumbani kwake, na kila Jumamosi asubuhi alikuwa anazima simu.

Mimi nina miaka 57. Tuko watano, mdogo wetu ana 52 na mkubwa ana 66. Huu ni mwaka wa nne tunahangaika pamoja na miili yetu. Wanawake wa rika langu wakiniuliza tulifanyaje, huwa najibu kwa mkato, kwa sababu jibu refu lina aibu ndani yake. Leo nalitoa refu.

Mwaka wa kwanza tulikosea karibu kila kitu. Tulikuwa na daftari la mistari, jina la kila mtu na uzito wake wa wiki. Anayeongezeka anatozwa faini. Kila mmoja aliweka lengo la kupunguza kilo 15 kwa miezi mitatu, lengo ambalo hata msichana wa miaka 20 lingemtoa jasho. Mmoja wetu aliishi kwa supu. Mimi nilikuwa sili chakula cha jioni Alhamisi wala Ijumaa ili Jumamosi daftari linisifu, halafu Jumamosi mchana nakula kama mtu aliyetoka kifungoni. Jumatatu najichukia. Alhamisi naanza upya.

Na ile mizani yenyewe tulikuwa hatuielewi. Uzito wa mtu mzima hupanda na kushuka kilo moja hadi mbili ndani ya siku chache tu bila mafuta kuhusika: chumvi uliyokula jana, maji uliyokunywa, choo ambacho hujakwenda. Zile gramu 600 zilizomfukuza mwenzetu zingeweza kuwa glasi mbili tatu za maji. Tulimpoteza mtu kwa ajili ya maji.

Aliyemrudisha ni yule mkubwa wetu, muuguzi mstaafu. Alimwendea nyumbani, akasimama nje.

"Nisindikize, nimechoka kutembea peke yangu."

"Dada, miguu inaniuma."

"Basi twende tukae pale mbele, tutarudi."

Walikwenda, wakakaa, wakarudi. Dakika kumi tu. Njiani ndipo mwenzetu akasema: "Mimi ile mizani siiogopi. Naogopa ile kalamu."

Yule dada alipotuletea maneno hayo, tulitazamana. Aliyekuwa anashika kalamu ni mimi.

Daftari tulilichana. Tangu hapo kila mtu anajipima kwake, au hajipimi kabisa, na namba yake ni siri yake. Tukikutana tunaulizana mambo ambayo mtu anayaweza mwenyewe: umetembea siku ngapi, umenyanyua kitu kizito, umelala? Uzito hauko mikononi mwako wiki hii. Kuvaa viatu na kutoka nje kuko mikononi mwako. Wewe unayetaka kuanzisha kundi la wenzako, nakusihi uanzie hapa. Nimeona makundi mangapi yakifa, na karibu yote yalifia juu ya mizani.

Sasa niseme kuhusu mwili wenyewe, maana tuna uongo mwingi tunaoambizana. Ule wimbo wa "nilipofika hamsini mwili uligoma kuchoma chakula" niliuimba sana. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti mkubwa katika jarida la Science uliopima jinsi miili ya watu zaidi ya 6,000 inavyotumia nishati, tangu watoto wachanga hadi wazee. Ukizingatia ukubwa wa mwili na misuli iliyopo, matumizi hayo hayabadiliki sana kati ya miaka 20 na 60. Yanaanza kupungua baada ya hapo, tena taratibu. Nilipoelezwa hivyo nilikasirika, nikajiona nimenyang'anywa kisingizio.

Lakini si kwamba hakuna kinachotokea. Misuli inapungua mwaka hadi mwaka usipoitumia, na misuli ndiyo inayokula nishati hata ukiwa umelala. Tunakaa zaidi. Na hedhi inapokoma, wengi wetu kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni inashuka na mafuta yanahama: yaliyokuwa yanakaa mapajani na nyongani yanakuja tumboni. Ndiyo maana unaweza kuwa na kilo zilezile za miaka kumi iliyopita na sketi ileile isifunge. Kwa hiyo futi ya fundi cherehani ina ukweli ambao mizani haina. Kwa mwanamke, kiuno kikivuka sentimita 80 hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari inaanza kupanda, na kikivuka 88 inakuwa kubwa zaidi. Njia nyepesi ya kukumbuka ni kwamba kiuno chako kisifike nusu ya urefu wako.

Kitu kilichotubadilisha kuliko vyote ni kiti. Kiti cha kawaida, hakina mikono. Unakaa, unakunja mikono kifuani, mwenzako anashika saa, unasimama na kukaa kwa sekunde 30. Kwa mwanamke wa miaka 60 hadi 64, kusimama mara chini ya 12 kunahesabiwa kuwa chini ya wastani. Mimi wa miaka 53 wakati ule nilisimama mara tisa. Mara ya kumi matako yaliinuka kidogo, yakarudi yenyewe. Nilitamani kulia, lakini muuguzi wetu wa miaka 62 alikuwa amesimama mara 15 na ananicheka, basi nikacheka na mimi.

Kuanzia hapo tulijua kwamba kutembea peke yake hakutoshi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yale ya kukutoa jasho huku bado unaweza kuongea, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Hizo siku mbili ndizo wanawake tunazozikwepa, tukidhani vyuma ni vya vijana wa kiume. Sisi tulianza na chupa za maji, kusukuma ukuta na kile kiti. Ukipunguza uzito kwa kujinyima tu, sehemu ya kinachoondoka ni misuli, na mifupa nayo inadhoofika, wakati sisi baada ya hedhi kukoma tayari mifupa inatukimbia. Kwa hiyo kula protini ya kutosha kila mlo, mayai, samaki, maharage, chochote unachokimudu. Na usikimbilie kupungua kwa kasi. Mwenzetu wa supu aliishia na mawe kwenye kibofu cha nyongo, na kupungua ghafla ni mojawapo ya mambo yanayojulikana kuyaleta.

Nimesema tunaambizana uongo. Mwaka 1961 kule New York mama mmoja wa nyumbani, Jean Nidetch, alikuwa amepewa mpango wa kula na kliniki, akawa anauvunja kwa siri kwa kula biskuti. Hakuweza kumwambia mtaalamu. Akawaita wanawake rafiki zake nyumbani akawaambia wao, nao wakaanza kutoa siri zao. Kutokana na vikao vile ndipo ilipozaliwa Weight Watchers, kampuni ya kusaidia watu kupunguza uzito, mwaka 1963. Kampuni ilivyokuja kuwa ni habari nyingine. Mimi nakipenda kile kikao cha kwanza, kabla ya biashara, pale kila mmoja alipokuwa na biskuti zake za kukiri.

Zangu zilikuwa makombo. Mezani nilikuwa nakula kidogo, kwa adabu, watu wote wakaona. Kisha nabeba sahani za wajukuu jikoni, na pale kwenye sinki, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine unadokoa. Ukoko kidogo. Kipande cha nyama alichokiacha mdogo. Mchuzi wa kufuta kwa kidole. Nilikuwa nakiita "kutotupa chakula". Nilipowaambia wenzangu nilitarajia washangae. Watatu kati yao wakasema, "Na mimi." Dawa tuliyoipata ni ya kijinga kabisa: mjukuu mwenye umri wa kutosha anaosha sahani yake mwenyewe.

Kuna la kukiri gumu zaidi. Mwaka wa pili, mdogo wetu alipungua haraka kuliko sisi, akanunua nguo mpya, akawa anatembea mbele yetu. Sikufurahi. Nilijidai nafurahi. Kila akija kwangu namwekea sahani ya pili, "kipande kimoja hakiui, mwanangu, usije ukakauka." Nilikuwa namrudisha nyuma kwa mkono wa ukarimu, na nilijua. Yeye ndiye aliyenisemesha, tukiwa wawili: "Dada, ukinilazimisha tena sitakuja kwako, nitakuwa nakutana nawe barabarani tu." Iliniuma wiki nzima. Kwenye kundi la wanawake husuda ipo, tusijidanganye, na ikikaa kimya inajificha kwenye chakula.

Usingizi ni jambo ambalo nililidharau. Fukuto, lile joto la ghafla la hedhi kukoma, linakuamsha saa tisa ya usiku, mto umelowa, feni haisaidii, na mguu unajua njia ya jikoni gizani. Mwili usiolala unadai chakula zaidi kesho yake, hasa kitamu na chenye mafuta. Hilo limepimwa mara nyingi na wataalamu wa usingizi. Sisi tulikubaliana kwamba aliyeamka anaruhusiwa kuandika neno moja kwenye kundi la simu: "Macho." Mara nyingi anajibiwa na mwingine. Tunapiga soga dakika ishirini na jikoni hatufiki. Kwa fukuto kali kupita kiasi, nenda kwa daktari. Matibabu yapo, si lazima uvumilie kwa sababu mama yako alivumilia.

Na ukifika kwa daktari, mpelekee mfuko wa dawa zako zote. Baadhi ya dawa za kisukari, za sonona, na steroidi za kutuliza uvimbe zinaongeza uzito, na tezi ya shingoni ikizembea nayo inanenepesha. Usiziache mwenyewe, uliza kama kuna mbadala. Siku hizi pia kuna sindano za kupunguza uzito na zinafanya kazi, lakini ni dawa ya kuandikiwa wewe, kwa mwili wako. Mwenzetu mmoja aliwahi kutaka kugawana na dada yake. Muuguzi wetu alimfokea mbele yetu wote, na alistahili.

Mtaniuliza matokeo. Nilikuwa na kilo 84, sasa nina 77. Basi. Baada ya miaka minne! Miaka ya nyuma ningeona aibu kuitaja namba hiyo. Lakini kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito wako kunatosha kuonekana kwenye shinikizo la damu na sukari. Katika utafiti mmoja maarufu wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa njiani kupata kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 tu na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, wakiwa na mtu wa kuwafuatilia. Ukilinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa, idadi ya waliopata kisukari ilipungua kwa asilimia 58, na kwa wenye miaka 60 na zaidi, kwa 71. Magoti nayo yanashukuru: kila kilo inayoondoka inalipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Kwenye kiti sasa nasimama mara 16.

La mwisho nalileta kwa uzito. Mwaka jana mwenzetu wa hereni, aliyesharudi na kuzoea, alianza kupungua vizuri ajabu. Kilo sita kwa muda mfupi. Tulimpigia makofi, mmoja akamwimbia. Naye alikuwa anatabasamu tu, huku kila mara anaomba tusimame anywe maji, na kila nyumba ya mtu tunayofika anauliza choo kiko wapi. Muuguzi wetu hakuwepo, alikuwa safarini. Aliporudi akamtazama mara moja akauliza, "Umefanya nini mpaka ukapungua hivi?"

"Sijafanya kitu, dada. Inatoka yenyewe."

Kesho yake walikuwa hospitali, sukari iko juu sana. Tulikuwa tumepigia makofi ugonjwa.

Anatibiwa, anaendelea vizuri, amerudisha kilo mbili na hatukumwambia kitu. Ila sasa hakuna anayesifiwa kwa kupungua kabla hajaulizwa amefanyaje. Na akijibu "inatoka yenyewe", hatuendi kutembea siku hiyo, tunampeleka kupimwa.