Ile tano niliyoiandika kwenye faili

Mwaka wangu wa kwanza kwenye fiziotherapia nilimwandikia mama mmoja 5/5, yaani nguvu kamili kwenye mizani ya 0 hadi 5 ya nguvu za misuli, kwenye shavu la mguu wa kulia. Alikuwa amelala kitandani. Nilimwambia asukume kiganja changu kwa unyayo, kama anayekanyaga breki. Akasukuma, mkono wangu ukashindwa. Nikafunga faili.

Alipokuwa anatoka nikaona kisigino cha kulia kinachelewa kunyanyuka, hatua inakatika. Nikamrudisha. "Mama, shika meza kidogo, simama kwa mguu mmoja, halafu panda juu kwa vidole." Wa kushoto ulipanda na kushuka mara 25, nikamwambia inatosha. Wa kulia ulipanda mara mbili, ya tatu ukagoma. "Daktari, huu umelala," akasema huku akicheka. Mimi sikucheka.

Shavu la mguu limezoea kubeba mwili mzima. Mkono wa mtu hauliwezi. Ndiyo maana lipimwe mgonjwa akiwa amesimama. Kwa wazee usiing'ang'anie sana ile 25 ya nguvu kamili, linganisha mguu na mguu.

Misuli mingine, anza na uzito wa kiungo chenyewe kabla hujaweka mkono wa kukizuia. Akikiinua mpaka mwisho bila msaada, hiyo ni 3, na kwangu ndiyo alama yenye ubishi mdogo kuliko zote. Akishindwa, mgeuze ili kiungo kiteleze kitandani badala ya kupanda. Hapo unatafuta 2. Nne, yaani anahimili mkono wako lakini si kikamilifu, ndiyo yenye utata: humo yumo anayekaribia kupona, na yumo aliyeizidi 3 kwa kiduchu. Ukiiandika, andika na mkao, na upande wa pili ulikuwaje.

Unapopima kuinua mkono kwa pembeni, tazama bega lisikimbilie sikioni. Mgonjwa hana nia ya kukudanganya, mwili unaazima misuli ya jirani. Lishikilie bega kwa mkono wako wa pili, arudie. Mara nyingi ile 4 inashuka.

Na goti linalouma? Upimaji huu ulianzia kwa waliopooza: Robert Lovett, daktari wa mifupa kule Boston, Marekani, aliutumia kwa wagonjwa wa polio mwanzoni mwa karne iliyopita, na mizani ya 0 hadi 5 Waingereza waliieneza miaka ya 1940 kwa majeraha ya neva. Goti linalouma huweza kuachia kwa maumivu tu. Andika hivyo hivyo, "limeachia kwa maumivu", namba iache.

Faili la yule mama nililirekebisha akiwa bado amesimama pale: kulia mara 2, kushoto mara 25, ameshika meza.