Tiba imeanza, mtoto ndiyo kwanza anazidi

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 8 akikatazwa kitu hupiga makelele na kurusha vyombo. Hii ni wiki ya tano tunakwenda kwa mwanasaikolojia. Alituelekeza tusiyajibu makelele, tumsifu anapotulia. Lakini makelele yamezidi! Baba yake anasema tuachane nayo, tumpeleke bweni. Tufanyeje? Mama, Morogoro.

JIBU: Marahaba mama, na poleni. Endeleeni, bweni lisubiri.

Mtoto aliyezoea kupewa simu akilia dakika 5, siku asipopewa atalia 20, atabamiza mlango, atajaribu na tusi jipya. Njia yake ya zamani imegoma, ndiyo maana anaongeza nguvu. Wakati mwingine vurugu hupanda kabla ya kushuka, na wazazi wengi hukata tamaa hapo hapo.

Kinachoharibu ni kukubali dakika ya 18. Hapo amejifunza kwamba dau limepanda tu. Tabia inayolipwa mara mojamoja hung'ang'ania kuliko inayolipwa kila siku; mwanasaikolojia wa Marekani B.F. Skinner aliliona hilo hata kwa wanyama wa maabara. Kwa hiyo bibi na dada wa kazi nao wafuate utaratibu huo huo. Na siku unayojijua huna nguvu za kukataa, mpe mapema, kabla hajaanza kulia.

Kutojibu makelele si kumnunia kutwa. Akishusha sauti tu, mgeukie, utaje alichofanya: "Umeweka kikombe mezani, vizuri." Akirusha vitu au kupiga, hilo usilinyamazie: mwondoe hapo kwa maneno machache, bila kiboko. Kiboko humfundisha kwamba mwenye nguvu ndiye hupiga, na hilo tayari analijua.

Weka daftari: saa alipoanza, saa alipomaliza, kilichomchokoza. Mzazi aliyechoka hukumbuka siku mbaya tu. Daftari huonyesha kama dakika 40 zimekuwa 25. Mpelekee mtaalamu wenu. Tiba ya namna hii huchukua wiki 12 hivi, wakati mwingine zaidi, hivyo wiki ya tano bado ni mapema kuihukumu.

Ila akianza kusema anataka kufa, kujiumiza, au kuumiza wengine vibaya, msingoje tarehe ya kliniki. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Namba 116 ya msaada kwa mtoto nayo hupigwa bure.

Baba yake naye aje kliniki wiki ijayo. Pokezaneni jioni: mmoja akiona mkono unataka kunyanyuka, atoke nje, mwenzake ashike zamu.