Maswali na Majibu: Barua Pepe Isipotelee Ndani ya Seva

*Maildir, mtindo wa kuhifadhi kila barua pepe kama faili yake kwenye seva, ina saraka tatu: tmp, new na cur. Je, siwezi kuandika barua moja kwa moja ndani ya new?*

Swali hili huletwa kila mara, na jibu halijabadilika: huwezi. Programu ya kufikisha barua huandika faili ndani ya tmp kwa jina lisilofanana na jingine, ambalo kwa desturi huunganisha saa, namba ya mchakato na jina la seva. Kisha huagiza kwa fsync kwamba data ifike kwenye diski, ndipo huihamishia new kwa kubadilisha jina tu. Kubadilisha jina hutimia kwa mara moja au hakutimii kabisa, kwa hiyo msomaji hakuti barua nusu. Anayeruka hatua hizo hujibu 250, yaani "barua imepokelewa", wakati data ingali kwenye kumbukumbu. Seva iliyotuma hufuta nakala yake kwa kuliamini jibu hilo, na umeme ukikatika sekunde ile, barua haipo kokote. Hakikisha pia kwamba saraka zote tatu zimo katika mfumo mmoja wa faili. Nimewahi kumkuta msimamizi aliyeipeleka tmp kwenye diski nyingine eti kwa ajili ya kasi, kisha akashangaa uhamishaji ukikataliwa.

*Mbox, mtindo mwingine wa kuhifadhi barua, ina kosa gani?*

Barua zote hukaa katika faili moja, na usalama wake hutegemea kufuli za kuzuia programu mbili zisiiandike kwa pamoja; zisipoelewana kuhusu kufuli hizo, huharibu sanduku zima. Kwenye NFS, yaani faili zinazoshirikiwa kupitia mtandao, usithubutu.

*Naona faili za zamani ndani ya tmp. Nizifute?*

Zilizozidi saa 36, ndiyo.

*Diski ina nafasi tele, lakini seva inasema imejaa.*

Kila barua ni faili, na kila faili hutumia ainodi, yaani rekodi ya faili, ambazo idadi yake inaweza kuisha kabla ya nafasi. Endesha df -i, amri inayoonyesha ainodi zilizobaki, kabla ya kununua diski.

*Nimeweka ruhusa 777 ili barua ziingie. Kuna ubaya?*

Umemruhusu kila mwenye akaunti kwenye seva hiyo kusoma barua za wenzake na kuzifuta. Saraka iwe 0700, yaani mmiliki pekee aingie, mmiliki awe mtumiaji mwenyewe, na programu ya kufikisha iandike kwa utambulisho wa mtumiaji huyo, si kwa wa root, akaunti kuu ya seva. Rekebisha leo, na uangalie nakala rudufu pia, kwani mara nyingi huachwa wazi hata pale sanduku lenyewe lilipofungwa.