Loda kwenye trekta yenye kabini: valvu ibaki nje

Mkuu wa Muheza, umesema fundi wako anataka kuweka valvu ya loda, ile inayogawa mafuta ya kunyanyua kijiko cha mbele, ndani ya kabini, atoboe sakafu apitishe mipira. Mimi natumia trekta ya kabini huku Pongwe kupakia samadi na kifusi. Mkatalie.

Hesabu mipira: minne ya silinda, mmoja wa kuleta mafuta, mmoja wa kurudi tangini, mmoja wa kuendelea nyuma. Saba, yote ya mafuta ya moto, miguuni pako, na joto la Tanga la Februari unalijua. Trekta nyingi za pampu ya gia zinasukuma presha ya bar 170 hadi 200. Mpira ukipasuka umefunga mlango, utaungua.

Valvu ifungwe nje, kwenye fremu ya loda upande wa kulia. Ndani uingie mkono mmoja wa kuendeshea loda na waya mbili za kusukuma na kuvuta, kama za gia ya gari dogo. Pima urefu kabla ya kununua, maana waya hizi hazikatwi, na usizipinde kona kali, mkono utakuwa mgumu na kijiko kitashuka kwa kushtuka. Vifuniko vya raba vya mwisho wa waya vikichanika badilisha mapema. Kwa chumvi ya pwani yetu kutu haichelewi. Tundu la sakafuni livalishe raba. Nguzo za kabini zisitobolewe wala kuchomelewa, ndizo zinazokulinda trekta ikipinduka.

Sasa penye balaa. Mafuta yakitoka kwenye pampu yanapita valvu ya loda kwanza, kisha yaende kwenye mikono ya nyuma inayonyanyua jembe. Valvu lazima iwe na tundu la tatu la kuyaendeleza yakiwa na presha, na kipande chake maalumu ndani. Mafundi wengi wanachukua tundu la kurudi tangini, wanaliunga na mfumo wa nyuma. Loda itafanya kazi vizuri tu, ila siku ukinyanyua jembe presha inarudi upande ambao haukutengenezwa kuibeba: oringi, zile pete za raba za kuzuia vujo, zinatoka, mwili wa valvu unapasuka. Kuna jirani yangu kafanyiwa hivyo na valvu ilikuwa mpya ya dukani. Mwambie fundi wako akuonyeshe tundu hilo la tatu kwa kidole, akibabaika tafuta mwingine.

Nunua valvu yenye nafasi ya kuelea, kijiko kifuate ardhi chenyewe unaposawazisha. Ukiikosa utaijutia.

Siku ya kujaribu, vujo litafute kwa kipande cha boksi, siyo kiganja. Mafuta ya presha yanatoboa ngozi, na hapo ni hospitali mara moja hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano. Kabla ya kufungua nati yoyote: kijiko chini, injini zima, chezesha mkono pande zote.

Haya yote ni kwa pampu ya gia, ambayo mafuta yanazunguka muda wote. Kama yako ni ya pistoni, mara nyingi valvu ni ya aina nyingine kabisa. Taja modeli tuone.